Uzi Mwekundu wa Mama Kavu

Ndugu waombolezaji, karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa msomi yeyote ainyooshe, kwa hiyo wenye simu wazizime, nitasoma mara moja tu.

Dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kavu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati yetu wawili. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, akiwashinda wote kwa hesabu, lakini mama aliugua, akabaki nyumbani kunilea mimi niliyekuwa na miaka minne.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa kwenye ghala la majongoo bahari, wale viumbe ambao sisi hatuli na wanunuzi wa ng'ambo wanawapigania, akaanza kwa kuwatoa matumbo, kisha kuwachemsha na kuwaanika, hadi mwaka 1987 akawa mkaguzi mkuu, bila cheti cha mtu. Aligonganisha wawili karibu na sikio, wakilia ko ko kama mbao waliingia guniani, wakinyamaza walirudi juani, maana jongoo mmoja mbichi akifungiwa kontena mwezi mzima huozesha wenzake wote. Gunia alilolipitisha alilishona mwenyewe kwa uzi mwekundu wa cherehani ya baba, na wanunuzi wa ng'ambo wakiuona uzi huo hawakufungua kukagua.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na fundi mizani, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, ambaye aliitengeneza mizani ya ghala mara tatu ikiwa nzima, na Mungu akawajalia watoto watatu, muuguzi, mwalimu na fundi wa kuchomelea.

Sasa lipo jambo la tarehe 11 Novemba 1998, na ambao hamlijui lisikieni kwangu, si vichochoroni. Siku hiyo kontena lilikuwa linafungwa, nami, kwa haraka na tamaa, nilileta magunia saba ya majongoo yangu ya kuuza, makavu juu, mabichi katikati, nikijua mkaguzi ni damu yangu. Dada alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa jongoo laini kama ulimi, akamweka mezani mbele ya wachukuzi wote. Nikafoka, "Dada, mimi si wa tumbo moja na wewe?" Akajibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana nakurudishia hadharani, mgeni ningemrudishia kwa siri." Wachukuzi walicheka hadi wakakaa chini, na mimi sikukanyaga kwake miaka miwili. Niliporudi hakunikumbusha lolote, aliniuliza tu kama nimekula, na kesho yake akanipa sehemu ya kuanikia.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa bila kulalamika, ingawa manesi aliwakagua. Mwezi wa nne mwaka huu aliniita wodini, akanikabidhi kibunda cha uzi mwekundu, mimi niliyemdanganya, akasema, "Ukishona mbichi, nafufuka." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miaka mitano, majirani wa mtaa wetu kwa viti, maji na mikono yao, na wafanyakazi wenzake wa ghalani waliofunga mlango kwa ajili yake, jambo ambalo yeye asingeliruhusu.

Dada, kuna wanaonong'ona kwamba uzi wako sasa umeangukia pabaya, basi wajue kuwa juzi, siku moja kabla hujatuacha, nilirudisha gunia moja, hadharani, nalo lilikuwa la mwanangu wa kuzaa, yule pale nyuma aliyenuna, na atanuna miaka miwili, kisha atakula.

Pumzika kwa amani, mkaguzi wetu, huko ulikokwenda wakiuona uzi wako hawatafungua.