Filamu ya Kumi ya Mzee Tochi

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Marehemu hakutaka iwe hivyo kwake. Aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba wasifu huu usomwe wote, pamoja na sehemu ambayo maisha yake yote alitamani isingekuwepo. Alisema kosa lake aliliandika mbele za watu, kwa hiyo radhi yake haiwezi kuishia sebuleni. Ndugu waliomshauri mambo ya kale yaachwe yalale aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akarudia agizo lilelile. Wasifu unasomwa na bintiye wa kwanza, ambaye angependelea kusoma mwingine.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Tochi, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1944, katika nyumba ya pili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mwashi na mfua nguo. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa macho wazi, akamtazama mkunga kana kwamba anamuuliza tiketi. Dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa, anasema hayo ni maneno ya mama tu; mtoto alikuwa kama watoto wengine, mwekundu na mwenye makelele.

Alisoma shule ya msingi ya wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa mwandiko mzuri hakuwa na mpinzani. Mwalimu mkuu alimpa ukiranja wa mlango ili awazuie wachelewaji. Yeye badala ya kuwazuia aliwapenyeza mmoja mmoja, wameinama, mwalimu akiwa amegeukia ubao, na kila mmoja akamfikisha kwenye dawati lake bila mguu kugonga mguu. Alipokamatwa alichapwa na kuvuliwa cheo, na ndipo alipoijua kazi anayoiweza.

Tarehe 2 Januari 1963 aliajiriwa kuwa mwonyesha viti katika ukumbi wa sinema wa barabara kuu, ule wenye pazia zito la rangi ya damu ya mzee mlangoni. Alipewa koti la vifungo vya shaba na tochi moja, na jina la tochi likameza jina la kuzaliwa. Aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote. Alimulika sakafu, hakumulika nyuso. Wapenzi waliokosana aliwatafutia viti karibu, wakapatana kabla ya mapumziko. Mwenye kikohozi alimkalisha pembeni, na mwenye kofia ndefu alimweka nyuma kabisa bila kumuudhi.

Hata hivyo, kazi hiyo ina jambo moja ambalo mtazamaji hulisahau. Filamu inapoanza, mwonyesha viti yuko mlangoni, ameipa skrini mgongo, anawapokea wachelewaji. Mpaka amalize kuwakalisha wote na kuufunga mlango, mwanzo umeshapita. Marehemu aliona filamu kwa mamia, na karibu zote alizianzia katikati. Siku yake ya mapumziko alilala. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu mtaani alishajulikana kuwa bingwa wa sinema, na sifa ni tamu.

Mwisho wa mwaka 1971 meneja wa ukumbi alimwomba apange filamu kumi za mwaka ule, kuanzia iliyomfurahisha zaidi hadi iliyomchosha zaidi, aziandike kwa chaki kwenye ubao wa nje ili watu wapate la kubishania. Marehemu alivimba kichwa. Hilo ni neno lake mwenyewe, na aliagiza lisibadilishwe. Ya kwanza aliweka Daktari wa Zamu, kwa sababu watu walitoka nayo wakiwa kimya. Ya pili ilikuwa Mapacha wa Kituo Kikuu, ambayo hata fundi wa mashine kule juu alisahau kubadilisha mkanda kwa kicheko. Ya tano ilikuwa ya mapanga, nayo aliipa nafasi hiyo kwa ajili ya farasi tu. Ya tisa, Wakili Asiyelala. Na ya kumi, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika hivi: “Ndoa ya Fundi Saa. Fundi analia mno. Hakuna sura ya kukumbukwa.”

Asichokijua ni kwamba baadhi ya picha za filamu hiyo zilipigwa katika mji wetu. Watayarishaji walitaka msichana anayejua cherehani kweli, si wa kuigiza, wakamchukua mmoja kutoka duka la ushonaji nyuma ya soko. Alionekana mwanzoni kabisa, akishona gauni la bi harusi, na alisema sentensi moja. Mtaa mzima ulijaa ukumbini kumwangalia. Walichokiona ni mgongo wake, maana kamera iliwekwa nyuma. Wakacheka kidogo, wakampongeza kidogo, na mambo yangeishia hapo.

Kisha ukaja ubao. Watu walisoma “hakuna sura ya kukumbukwa” wakadhani Tochi, bingwa wa sinema, anamkejeli yule binti aliyeonyeshwa mgongo. Walicheka hadi wakashikana mabega. Watoto wakaanza kumwita Bila Sura, mbele ya duka na nyuma yake. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa.

Bosi wake wa ushonaji, mama aliyekuwa haogopi mtu, alikwenda hadi kwenye ngazi za ukumbi.

“Wewe ndiye Tochi?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Basi leo jimulike mwenyewe. Unamjua uliyemwandika?”

“Nimeandika filamu, mama. Sijamwandika mtu.”

“Umemwandika mwanangu wa cherehani! Yumo mle ndani, mwanzoni pale, mtaa mzima umemwona isipokuwa wewe mwenye macho mengi? Wale watu wa filamu wamemrudia, wanataka kumpa nafasi kubwa zaidi. Amewakatalia. Anasema ubao umeshasema.”

Marehemu aliufuta ubao kwa mkono wa koti lake, vifungo vya shaba vikaukwaruza. Lakini chaki hufutika, maneno yalikuwa yameshahamia mtaani. Alitaka kuitazama filamu ile mwanzo wake, naye hakuweza, kwani ilikuwa imekwisha kupelekwa mji mwingine. Alisimulia baadaye kwamba siku zile alitembea akikwepa vioo vya maduka.

Wiki ya pili ya Januari 1972 alikwenda dukani. Alichukua suruali nzima kabisa, akaufumua upindo mwenyewe nyumbani ili apate sababu ya kuingia. Binti alikuwa kwenye cherehani yake dirishani. Marehemu alimwomba radhi, akasema filamu ndiyo mbaya, si yeye. Angeishia hapo angekuwa mtu safi. Lakini ulimi hauna mfupa, na aibu ilikuwa inamsukuma.

“Dada, mimi nilikuona,” akasema. “Uso wako ulijaa ukumbi mzima. Nilisahau hata kazi.”

Binti alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akaipokea suruali.

“Suruali itakuwa tayari Alhamisi,” akasema.

Alhamisi marehemu alirudi, na Alhamisi iliyofuata akarudi na shati. Kufikia katikati ya mwaka hakuwa na nguo isiyoshonwa upya. Walifunga ndoa tarehe 25 Agosti 1973, wakajaliwa watoto watatu, na nyumba yao ya vyumba viwili haikukosa mgeni. Mke alimwita mumewe Tochi. Mume alimwita mkewe Fundi, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwita kwa ukali.

Hata hivyo, watoto waliona jambo moja wasilielewe. Mazungumzo yakigusa filamu ile, marehemu aliinuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Mgeni akiuliza, “Kumbe shemeji uliwahi kucheza sinema?” marehemu alikuwa ameshafika uani. Lilikuwa geti lililofungwa kuliko yote mtaani. Nyumbani ukawa utani: baba akienda getini, jua kuna mtu ametaja sinema. Walicheka wote, pamoja na mama yao, naye marehemu alirudi akiwa ameinamisha kichwa na kujifanya anatafuta miwani. Hakujua mkewe alifanya nini katika filamu ile wala alisema nini, na hakuthubutu kuuliza, maana kuuliza ni kukiri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilimtembeza miaka arobaini na mitano.

Ukumbi ulifungwa mwaka 1989, ukawa ghala la samani. Marehemu aliajiriwa kuwa bawabu wa maktaba, akastaafu mwaka 2004. Huko nako aliwaonyesha watu viti, ingawa taa zilikuwa zinawaka.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikawa inavimba. Mwaka uliofuata kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, mbele ya televisheni. Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, mkewe akiwa anakunja nguo na bintiye akipanga dawa, mtangazaji alisema inafuata filamu ya zamani, Ndoa ya Fundi Saa. Marehemu aliangalia mlango. Geti lilikuwa mbali na miguu haikuwa yake tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameketi kabla filamu haijaanza.

Ukaonekana mgongo wa msichana, shingo ndefu, mkono ukizungusha gurudumu la cherehani. Mlango wa chumba ukafunguka, na bila kugeuka msichana akasema, “Fungeni mlango, bi harusi hajavaa.”

Marehemu alinyoosha mkono. Aliunyoosha kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu, vidole vikajikunja kana kwamba vinashika kitasa. Bintiye alidhani ni maumivu. Kumbe sauti ile alikuwa akiisikia wiki mbili nzima za mwaka 1971, kila onyesho, akiwa ameipa skrini mgongo. Ndiyo aliyoifanya kuwa alama yake ya kuufunga mlango wa ukumbi. Ilimwamuru, naye akatii, asijue ni ya nani.

Alilia kwa sauti. Hakuficha uso.

“Fundi,” akasema, “mimi sikuwahi kukuona. Siku ile ya suruali nilikudanganya.”

“Najua.”

“Unajua tangu lini?”

“Tangu siku ileile. Uso wangu haumo mle, Tochi. Wewe ukaja na uso uliojaa ukumbi. Uso wa nani?”

“Mbona hukusema?”

Mkewe aliendelea kukunja shuka mpaka likaisha. “Nilisema moyoni, huyu kaja kuomba radhi na hata kosa lenyewe halijui. Ana haya huyu, nikakupenda kwa hilo. Lakini usidhani sikuumia. Niliumia. Wale watu wa filamu walinifuata mara mbili, na mara mbili nikaukumbuka ubao wako. Kukusamehe nilikusamehe zamani. Nilikuwa nangoja tu uje useme mwenyewe.”

“Miaka yote hii?”

“Ulikuwa unakwenda getini.”

Hapo wasifu huu hauna la kumsaidia marehemu. Aliona haya kwa ubao, akaona haya zaidi kwa uongo, na siku ile aliona haya kubwa kuliko zote kwamba alingojwa muda wote huo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alimshika mkewe mkono, wakaitazama filamu mpaka mwisho. Bintiye, akitaka kuwachangamsha, alimuuliza kama sasa inapanda iwe ya kwanza. Marehemu alifikiri kwa uzito, kama hakimu.

“Bado ni mbaya,” akasema. “Fundi saa analia mno. Iweke ya tisa. Wakili Asiyelala ishuke, yule wakili alikuwa analala.”

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Jioni ile marehemu alitoa agizo la wasifu huu.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 18 Februari 2018, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkewe akiwa pembeni yake. Habari zilipoenea majirani walijaa hadi barazani na mlango wa sebule ukawa wazi. Mkewe alikuwa anamvalisha suti aliyomshonea mwenyewe. Hakugeuka. Alisema kwa ile sauti, ambayo haijazeeka sana, “Fungeni mlango, bwana harusi hajavaa.” Mlango ukafungwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na dada yake mkubwa. Ameacha pia radhi yake kwa mkewe, iliyosomwa leo mbele ya watu kama ilivyoandikwa chaki ile mbele ya watu, na wale waliosoma ubao ambao bado wako hai wanaombwa waipokee. Mwisho, ameacha orodha yake ya filamu za mwaka 1971, ikiwa imesahihishwa. Ya kwanza hadi ya nane hazikuguswa. Ya tisa inasomeka hivi:

“Ndoa ya Fundi Saa. Mwanzoni yumo mshonaji. Fikeni mapema.”

Pumzika, Mzee Tochi. Kiti chako tumekuona umekipata.