Bi Tarehe, Wakili Aliyejifunza Kazi Saluni

Ndugu, majirani na wanasheria mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, kitindamimba, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Tarehe, jina alilopewa na makarani wa mahakama, na ambalo hakulipata kwa raha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaanza shule ya msingi Januari 1968, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1985, na tarehe 6 Novemba 1987 akaapishwa kuwa wakili, huku baba akilia na kusingizia mafua. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, aliyemtangulia mwaka 2014, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mkunga, na mapacha wa kiume, ambao mmoja wao tulimzika akiwa na siku nne.

Mwaka 1990 alifungua ofisi juu ya duka la vitabu, akiamini kwamba kizuri chajiuza, na kweli kwa hoja hakuwa na mpinzani, lakini mafaili yalilala sakafuni, simu iliita mpaka ikachoka, na wateja walikaa ngazini bila kujua kama wataitwa leo au kesho. Tarehe 9 Juni 1993 kesi ya seremala mmoja, aliyepigania karakana yake ya miaka ishirini, iliitwa mahakamani wakili hayupo, kwa sababu tarehe ile dada aliiandika nyuma ya bahasha, bahasha ikapotea, kesi ikafutwa, maombi ya kuirudisha yakakataliwa mara mbili, na karakana ikaenda. Seremala hakugomba, alisimama tu mlangoni akasema, "Mama, sheria unaijua, kazi ndiyo huijui," akashuka ngazi, na dada akafunga ofisi siku hiyohiyo, akalala wiki nzima ameelekea ukutani.

Aliyemtoa kitandani ni dada yetu mkubwa, msusi, ambaye alimweka saluni miezi saba apokee wateja, na huko wakili akaona kila kichwa kikiandikiwa saa yake daftarini, kila mteja akielezwa kabla ya kuketi kwamba kazi ni ya saa nne na itauma, na anayetaka mtindo usiowezekana pale akipelekwa kwa jirani. Alipouliza kama hiyo si kufukuza wateja, dada mkubwa alicheka, "Mdogo wangu, mwambie mtu ukweli, leo ataondoka, kesho atarudi na shangazi yake."

Alifungua tena tarehe 2 Mei 1994, akaajiri karani na kumwachia kweli shajara ya kesi, akatundika kalenda kubwa ukutani, asikose tena tarehe hata makarani wa mahakama wakambandika jina la Bi Tarehe, akawapigia wateja kila Ijumaa hata pasipo na jipya, akazipeleka kwa wenzake kesi asizozimudu, nao wakamletea zao, hadi ofisi ikawa na mawakili sita. Vijana hao aliwafundisha kazi kila Jumamosi, akianza na kisa cha seremala bila kujipunguzia kosa, maana mzee yule alifariki mwaka 1996 akichonga viti uani kwa mkwewe, na jambo hilo halikumtoka dada moyoni hata siku moja.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2021, na mwezi Julai mwaka huu, daktari alipomweleza kwamba dawa zimefika mwisho, aliomba simu, akawapigia wateja wake thelathini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kumwambia kila mtu ni wakili gani atasimama naye na siku gani, na sauti ilipokatika, binti yake akawa anarudia maneno aliyoyasoma midomoni mwa mama. Jumanne tarehe 19 Agosti 2025 aliuliza, "Kuna aliyebaki?" akajibiwa hakuna, akafumba macho, na Alhamisi saa nne asubuhi akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia na kutufulia, na mawakili mliozipokea kesi zake bila kuuliza swali.

Dada, wateja wako wote uliwaaga, nasi tuliokaa pembeni ya kitanda tukikusikiliza hatukujua kwamba na sisi tunaagwa. Nenda kapumzike kwa amani.