Muuguzi Asiyefyatua Risasi: Kumuaga Sajini Yekosofati Mafabi

Sajini Yekosofati Mafabi alimaliza utumishi wake jana, tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka ishirini na minne katika polisi, kwanza Mbale, kisha hapa Jinja. Kamati ya burudani ya kambi ilituomba sisi wa klabu ya vijana tuandike ukurasa wa kuchekesha. Vichekesho vipo. Lakini tumekasirika, na yeye mwenyewe alitukataza kusema uongo mbele ya wageni.

Alianza kazi wakati raia wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya kizuizi cha barabarani. Ukisikia "Wewe, kuja hapa!" ulitafuta pa kupita. Yeye alikitumia kuchekesha watu. Kila Jumamosi, katika ukumbi wa video nyuma ya kantini, aliketi kando ya televisheni akitufasiria filamu, na sauti zote alizitoa yeye: bibi harusi, jambazi, hata mbwa. Watu wa mjini walikuja na watoto wao. Mzee Asuman wa duka la redio alisema kabla ya hapo hakuwahi kumcheka polisi bila kutazama nyuma kwanza.

Asuman huyo ndiye aliyeleta mashine ya michezo ya video kutoka Nairobi mwaka jana. Michezo mingi ilikuwa ya kupiga na kuua. Mmoja ulikuwa tofauti. Muuguzi yuko peke yake katika hospitali iliyofungwa, ana tochi na risasi chache. Wafu wanaotembea humo hawaoni, ila wanasikia. Ukifyatua risasi, wanakuja wote. Ukitulia chini ya kitanda, huenda ukafika mlangoni. Sisi tulikufa kila mara. Afande Yekosofati alijaribu akiwa na sare yake, akafika mlangoni, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Baadaye ndipo alipotueleza habari za Mama Nakisige. Wakati wa vita vya mwaka 1979 Afande alikuwa konstebo kijana Mbale. Wanajeshi waliokuwa wakikimbia waliingia katika zahanati moja kupora, naye akajificha katika stoo ya dawa pamoja na wagonjwa na muuguzi Nakisige. Alikuwa ameshainua bunduki. Nakisige aliukandamiza mtutu hadi sakafuni, akamziba mdomo kwa kiganja. Wale watu walipita, na hakuna mgonjwa aliyeguswa. "Mimi ndiye niliyekuwa na bunduki," alituambia, "na yeye ndiye aliyetulinda."

Kwa hiyo akaugeuza mchezo ule kuwa filamu. Aliazima kamera ya mpiga picha za harusi, akatupeleka Mbale wakati wa likizo, kwenye ghala tupu la eneo la viwanda. Jovia wa klabu yetu aliigiza kama muuguzi. Konstebo Douglas alikuwa mmoja wa wafu, amepakwa unga wa mahindi wa posho mwili mzima, na kila tulipoanza alipiga chafya. Siku moja alitoka kununua soda akiwa hivyo hivyo. Watu waliokuwa wakishuka kutoka mlima Wanale na ndizi zao walizitupa wakakimbia. Douglas alirudi na ndizi, bila soda.

Filamu hiyo ilikuwa na kimya kirefu. Afande alisema hapo hatafasiri hata neno.

Mwenyekiti wa kamati, Inspekta Lawrence, alipoiona alicheka. "Polisi anatengeneza filamu ya kujificha? Sisi ni panya?" Akaamuru igeuzwe kuwa filamu ya mapambano. Afande alitii, kama alivyotii siku zote. Wakaongeza kikosi kinachobomoa mlango, Inspekta mbele, na bunduki isiyoishiwa risasi. Jovia alibakiwa na kazi ya kupiga kelele na kubebwa begani. Kimya chote kilijazwa na Shakul, mfasiri wa mjini: "Toka, mama, mwanaume amefika!" Ukumbi ulishangilia. Afande alikaa nyuma kabisa, kofia mapajani.

Kanda hiyo ndiyo ambayo kamati ilichagua kuionyesha leo kama zawadi kwake. Na Mama Nakisige, ambaye sasa anaishi Masese, hapa hapa Jinja, amealikwa. Angekaa mbele yetu sote na kumtazama mwanaume ambaye hakuwepo akimwokoa. Tuliwaambia mapema. Mwenyekiti alijibu kwamba mama huyo atafurahi tu, mradi soda ipo.

Kanda ya kwanza ipo, anayo Mama Margret wa kantini. Wiki iliyopita Afande aliomba ionyeshwe hiyo. Inspekta alikataa. "Yekosofati, hiyo ni amri."

"Nimesikia, afande," akajibu. "Lakini Alhamisi mimi si askari wako. Nitakuwa raia, na raia huyu ana mgeni."

Hatujawahi kumsikia akijibu hivyo. Douglas naye akasema ikiwekwa kanda ya mapambano, wafu wote watatoka nje pamoja na mgeni. Jana jioni mwenyekiti alimpelekea Mama Margret ufunguo wa ukumbi. Hakuomba radhi kwa yeyote, na hasira zetu bado zipo.

Ratiba mliyopewa mlangoni inasema "filamu ya mapambano". Msiifuate; itaonyeshwa kanda ya kwanza. Tunawaomba wote, hata mwenyekiti, mkae kimya pale penye kimya. Shakul ameahidi kunyamaza, na tumemkalisha karibu na Mama Margret.

Mama Nakisige, karibu mbele. Ni wewe huyo.

Afande Yekosofati, asante kwa Jumamosi zote na kwa kuturuhusu kuogopa bila kuona haya. Rudi nyumbani kwenu Wanale salama, uzee wako uwe wa raha, ulale usiamshwe na filimbi ya mtu. Tukikuhitaji tena, tutakuja kukuomba. Hatutakuamuru.

Racheal Namukose,
kwa niaba ya klabu ya vijana