Mzee Ombui Masese na Chuma Kilichozikwa Migombani

Aliyelala mbele yenu ni Mzee Geoffrey Ombui Masese. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Sironga, kifungua mimba wa marehemu Masese Nyasani na marehemu Nyanchera. Babu yake alikuwa omoturi, mfua chuma wa kabila, na mvukuto wake ulikuwa wa ngozi ya mbuzi. Panya waliula ule mvukuto Ombui akiwa mtoto, akalia kuliko siku aliyokufa huyo mbuzi.

Alisoma hapa nyumbani mpaka darasa la saba, mwaka 1967. Alibatizwa mwaka 1969 katika kanisa la Waadventista, na tangu hapo hakuna aliyesikia nyundo yake siku ya Sabato.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha chai, akimshikia fundi spana. Tarehe 22 Desemba 1974 alimwoa Nyanchoka, binti wa Mzee Osoro wa Mosocho. Nyanchoka ndiye mke wake wa kwanza na wa mwisho. Wengine walikuja na kwenda njiani, lakini ndani ya boma hakuingia mtu.

Kazi ya kiwandani iliisha mwaka 1983. Mwaka uliofuata alianza kufua chuma mwenyewe, na hakuwa na kifaa hata kimoja. Jiko lake lilikuwa drami ya breki ya lori, akaikandika udongo ndani na kuisimamisha juu ya miguu ya mabomba. Upepo aliupata kwa gurudumu la baiskeli lisilo na tairi, likazungusha feni ndogo ya gari kwa mkanda aliokata kwenye tyubu. Koleo alilipinda kutoka kwa vyuma vya kitanda kilichovunjika. Kitu kimoja tu kilimshinda, fuawe, kile chuma cha chini kinachopokea nyundo. Alifulia juu ya jiwe la mtoni, na vipande vya jiwe vikawa vinamrukia usoni.

Hapo ndipo anapoingia Adhis. Adhis ni mama aliyetoka upande wa ziwa, mjane, akiuza skrapu, vyuma chakavu, sokoni Mosocho, soko la kwao Nyanchoka. Mwaka 1985 alimletea Ombui kipande cha eksoli, ule mhimili wa magurudumu ya lori, upande wenye kichwa kipana kama sahani. Alikigonga kwa jiwe, akainamisha sikio.

"Sikia, fundi. Hiki kinaimba. Kile chenye ufa hukohoa."

Ombui alikisimika kwenye kisiki cha mkaratusi, uso wa sahani ukiwa juu. Jioni hiyo akila alisema, "Yule mama ana sikio." Nyanchoka alikuwa amempikia kwa miaka kumi na moja na hakuwahi kuambiwa ana kitu gani. Aliondoa sahani kabla mzee hajamaliza.

Adhis akawa anakuja kila wiki, leo na springi, kesho na bomba, na wakicheka huko kibandani anakofulia kicheko kinafika jikoni. Siku moja mwaka 1987 Ombui alipeleka majembe Nyamira. Nyanchoka aling'oa kile chuma kisikini, akakibiringisha hadi migombani, akakizika.

Ombui aliporudi alizunguka kisiki mara mbili.

"Mwizi amepita," Nyanchoka alisema.

"Mwizi gani anaiba eksoli anaacha nyundo?"

"Basi kamuulize mwenye sikio."

Hakuuliza mtu. Alirudi kwenye jiwe lake la mtoni, majuma matatu. Katika juma la tatu kipande cha jiwe kilimpasua juu ya jicho. Mliomuona jana mtakumbuka lile kovu. Nyanchoka alikuwa akimsafisha kwa maji ya chumvi wakati mzee aliposema polepole, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza:

"Mama Nyanchera, yule mwizi alichimba kwa jembe lenye pengo upande wa kushoto. Jembe hilo nililifua mimi."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Na ukaacha jiwe likupasue?"

"Ningekichimba mimi, kesho ungezika nyundo. Nilikungoja."

Nyanchoka alikwenda akakichimbua kabla jua la Ijumaa halijatua. Msamaha hakuomba. Lakini tangu Jumapili hiyo gurudumu la baiskeli alilizungusha yeye, miaka thelathini na minne, na Adhis akija alimkuta hapo, akasalimiwa, akaonyeshwa pa kuweka mzigo.

Mwaka 2021 kifua cha mzee kilianza kubana. Alitibiwa Kisii, akapata nafuu, akarudi hospitalini, akaomba aletwe nyumbani. Katika juma lake la mwisho alimwambia mkewe, "Siku ya kusoma wasifu wangu, jina la Adhis lisikose. Bila kile chuma hakuna mtu angeniita fundi."

Nyanchoka alijibu, "Wanaosomwa ni watu wa nyumba hii."

"Sawa. Nitakungoja, kama wakati ule wa jembe."

Alifariki Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, si wa mwingine.

Marehemu ameacha mjane, Nyanchoka; watoto Nyanchera, Masese, Kwamboka na Osoro; ndugu yake Ogari; na wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Purity anayewasomea haya aliyoandikishwa na nyanya yake. Udongo wa kwanza utatupwa na mke wake.

Na ameacha Adhis wa Mosocho, aliyeleta chuma. Asimame hapo alipo aonekane, kisha akae. Eksoli itabaki kwenye kisiki chake, haitazikwa tena.

Mzee Ombui, Adhis amesomwa. Sasa huna unachongojea. Pumzika kwa amani.