Lampe Inaomba Dakika Mbili

Mwaka ule wa pillage, maduka yalipoporwa, hata mkate ulikuwa haba Lubumbashi, lakini ndani ya bisi ya kwenda mtaa wa Makomeno, abiria mmoja, Mama Dorine, alisikia wanakorali wawili, waimbaji wa kwaya, wakibishania ulaini wa sauti.

"Tutie hii préampli ya lampe mbele ya ampli yetu ya transistor," Symphorien alisema, akikumbatia kisanduku hicho cha kukuza sauti, chenye taa za kioo ndani, kama mutoto. "Sauti itakuwa muzuri, laini."

"Yaya, lampe inaombaka dakika mbili ya kupata moto," Lombe akamjibu, maana alimheshimu kama kaka mkubwa. "Courant yetu ya umeme inakalaka dakika ngapi?"

Bisi nzima ikacheka. Dorine alicheka mpaka machozi.

Mara muziki ukalipuka katika baa ya pembeni.

"Courant inarudia!" watu wakashangilia.

Shofere akafunga breki bila kuombwa. Lombe akamnyang'anya Symphorien kisanduku, akawa wa kwanza kuruka chini.

"Yaya, kimbia! Tuipashe moto kabla courant haijaenda tena!"