Ombasha Anyosisye na Asubuhi ya Kivuko cha Songwe

Ndugu waombolezaji, mliokuja kwa mitumbwi na mliotembea kwa miguu kutoka Ipinda, familia ya mzee Angetile wa hapa Ikombe imemtuma Yotamu, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya mdogo wake Anyosisye, kama marehemu mwenyewe alivyomsimulia mkewe Veronika katika wiki zake za mwisho.

Marehemu alizaliwa hapa Ikombe mwaka 1888, msimu wa mvua, tarehe haikuandikwa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Angetile, mvuvi, na mama Damari, mfinyanzi wa vyungu. Aliingia shule ya misheni mwaka 1899, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1902, na alipomaliza masomo alifanya kazi ya kupeleka vyungu vya mama yake kwa mtumbwi hadi kwenye masoko ya kaskazini. Tarehe 14 Mei 1908 alifunga ndoa na Veronika, binti wa mzee Tomasi wa Kasumulu, ambaye ukoo wake unaishi pande zote mbili za mto Songwe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marta, aliyezaliwa mwaka 1909, na Ezra, aliyezaliwa mwaka 1912.

Mwaka 1910 aliandikishwa uaskari wa Mdachi, yaani Mjerumani, na baada ya miaka mitatu akapandishwa cheo kuwa ombasha, mkuu wa askari wachache. Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, watu waliokuwa wakioleana na kuzikana ng'ambo na ng'ambo ya Songwe walijikuta wanatazamana kwa bunduki, wengine wakiwa askari wa Mdachi, wengine wa Mwingereza. Mwezi Septemba marehemu alivuka mto pamoja na kikosi chake, akapigana siku nzima bila maji, akarudi akiwa amembeba mgongoni mwenzake Hezroni wa Ipinda, aliyepigwa risasi ya bega, na tangu siku hiyo wawili hao walikula sahani moja.

Januari 1915 aliwekwa na askari wenzake tisa, akiwemo Hezroni, kulinda kivuko cha Songwe. Ng'ambo walikuwepo askari wa upande wa pili, na kwa kuwa wote walikunywa maji ya mto ule ule, walielewana bila kuandikiana, kwamba kila asubuhi watateka maji kwa zamu, bunduki zikiwa zimeachwa nyuma. Walifika hata kusalimiana, "Ugonile!", na kuulizana habari za mashamba na za wagonjwa.

Alhamisi tarehe 11 Februari alifika shaushi mgeni, mwenye cheo kinachomzidi ombasha, akagundua mpango huo, akawaamuru askari wote wajifiche ndani ya matete wakiwa tayari kufyatua. Jua lilipopanda kidogo, watu watano waliteremka ng'ambo na madebe yao, mmoja akaita salamu kama kawaida, akakosa jibu, akaita tena huku akicheka. Marehemu alisema kidole chake kilikuwa kwenye bunduki alipomwona shaushi anainua mkono. Ndipo akapiga kelele kwa Kinyakyusa, "Rudini! Msiguse maji leo!"

Madebe yalianguka, bunduki zikalia, moshi ukafunika matete, na wanne wakapona, huku wa tano akiburutwa na wenzake akiwa amepigwa paja. Mtu huyo hatujui jina lake mpaka leo.

Kwa sababu ya matete shaushi hakumwona aliyepiga kelele, akamkamata Hezroni, aliyekuwa karibu na sauti ilikotoka, akamfunga kwenye mti, akatangaza kwamba atapigwa risasi jua likielekea kuzama. Familia haitaficha jambo ambalo marehemu hakumficha mkewe, kwamba alikaa kimya tangu asubuhi hadi alasiri, akitumaini hasira za shaushi zitapoa, akiwafikiria Marta na Ezra, na akishindwa kumtazama Hezroni, ambaye alijua sauti ni ya nani na hakumtaja.

Shaushi alipoanza kuchagua watu wa kufyatua, marehemu alisimama.

"Shaushi, mfungue Hezroni. Sauti ilikuwa yangu."

"Unajua unachosema, ombasha?"

"Najua. Nimechelewa tu kukisema."

Shaushi aliwaita askari mmoja mmoja kwa jina wajipange mbele ya marehemu, na hakuna aliyenyanyua mguu. Walikuwa wanane, yeye mmoja, na ng'ambo ya mto kulikuwa na adui, hivyo alimfungua Hezroni, akamvua marehemu cheo, akaamuru apigwe viboko hamsini na kutiwa mnyororo.

Kuanzia hapo marehemu alibeba masanduku ya risasi kama mpagazi kwa zaidi ya mwaka mmoja, vidonda vya mgongo vikifunga na kufunguka, na mwanzoni mwa 1916 akaanza kukohoa damu. Mwisho wa Mei, Wadachi walipoondoka, aliachwa njiani pamoja na wapagazi wengine wagonjwa, Hezroni akamtafuta siku nne, akampata, akamleta nyumbani kwa mtumbwi. Alifariki jana, Jumamosi tarehe 24 Juni 1916, alfajiri, akiwa mikononi mwa mkewe, ana umri wa miaka ishirini na minane.

Familia inamshukuru mganga wa misheni aliyemhudumia bila kuchoka, majirani waliompikia uji na kumgeuza kitandani, wanawake wafinyanzi waliokaa na mama Damari, na wale askari wanane, walio hai na wasiojulikana waliko. Ndaga fijo, asanteni sana.

Askari wa serikali mpya ya Mwingereza waliopo hapa wamejitolea kwa heshima kupiga bunduki juu ya kaburi. Tunawashukuru, lakini marehemu aliomba bunduki isilie. Tunawaomba mziweke chini, mshike majembe pamoja nasi.

Anyosisye, mwana wa Angetile, umechoka vya kutosha. Pumzika kwa amani.