Sawasawa, Aliyezipatanisha Kompyuta Mbili

Marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Sawasawa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na nesi. Jina hilo alipewa na mama, maana alikuwa hali mkate wake mpaka aupime na wa kaka yake. Leo amelala mbele yetu, na bado tunageukia mlangoni tukidhani ataingia amechelewa, kama kawaida yake.

Alisoma shule ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2003 akahitimu masomo ya kompyuta. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa akisema, "Huyu mtoto atanitoa roho kwa maswali."

Mwaka 2006 aliajiriwa hospitalini kutunza programu za kukokotoa dozi za dawa. Ya wodini iliandikwa kwa lugha moja ya kompyuta, ya famasi kwa nyingine, na kila lugha ina desturi yake ya kukadiria nusu iwe namba kamili. Tatu na nusu zote ziliita nne. Lakini mbili na nusu, wodini ilipanda ikawa tatu, famasi ikashuka ikawa mbili. Kila fundi alipima yake akaiona nzima.

Mfamasia mmoja ndiye aliyegoma kutoa dawa ya mtoto mchanga. "Wodi inasema tatu, lebo inasema mbili," alimwambia Sawasawa kwa simu. "Kaka, nimpe ipi?"

"Usimpe kitu. Nakuja."

Alikwenda, akazipatanisha programu, na ndiyo ikawa imetoka: yeye na mfamasia huyo walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2008. Tangu hapo, kila mfumo ulipobadilishwa, haukuwashwa mpaka wawili hao wasomeane namba kwa simu, mume wodini, mke famasi.

Kuhusu ugonjwa hatuna la kusema, kwa sababu hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alikunywa chai, akalalamikia soksi iliyopotea, akaenda kazini kupima mfumo mpya. Akiwa wodini, simu sikioni, alisoma, "Mbili na nusu."

"Kwangu tatu," mkewe akajibu. "Kwako?"

Kimya.

"Baba watoto, acha utani. Kwako ngapi?"

Aliyeshika simu baadaye alikuwa nesi, naye analia. Moyo ulikuwa umesimama. Madaktari walikuwa chumba hichohicho, na hawakuweza kitu. Tumeduwaa. Mtu anaondokaje katikati ya swali?

Ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili na kaka wawili.

Mjane hakutoa chozi mpaka jana. Mganga mkuu, kwa huruma, alitaka mfumo uwashwe bila kumsumbua. Akakataa. "Watoto wa watu wamelala kule," alisema, akaomba apelekwe famasi. Nesi akasimama wodini, wakaanzia pale mjane na mumewe walipoishia.

"Mbili na nusu. Kwangu tatu," mjane alisema. "Kwako?"

"Tatu, dada."

Ndipo alipolia. Mfumo umewashwa, Sawasawa. Pumzika salama, ndugu yetu.